Mbwa Tuliyemsemesha Kifaransa

Majirani zangu wa hapa Kasongo wanapaka kuta. Idi imekaribia, na kila mwaka kabla ya Idi wanachukua pemba, ule udongo mweupe unaochimbwa bondeni, wanaukoroga kwenye beseni na kupaka nyumba mpaka mtaa mzima unang'aa. Wengine wanaipenda harufu ya udongo ule mbichi, wanasema inawaletea sikukuu. Mimi ikinifika puani nakaza meno. Mume wangu ameshazoea. Akiniona nafunga dirisha mchana kweupe anasema, "Leo umemukumbuka tena yule mutu wako." Ndiyo, nimemkumbuka. Wapo wanaokumbuka utoto wao kwa nyimbo na matunda ya porini. Mimi naukumbuka kwa hasira, na sioni haya kusema hivyo.

Nilikulia upande wa Wamaza, kule Kabambare. Baba alikuwa mlinzi kwenye kambi ya watu waliokuja kutengeneza barabara, na siku kazi ilipokatika, kama kazi za barabara zinavyokatika kwetu, mzungu mkubwa wa kambi aligawa vitu vyake kabla ya kupanda gari. Mmoja alipata godoro, mwingine sufuria, mwingine taa. Baba akapata mbwa. Mama alipoyasikia hayo aliweka mikono kichwani. "Watu wanapata godoro, weye unaleta mudomo wa kula?"

Lakini mngemwona alivyoingia kijijini! Baba alikuwa juu ya kinga yake, baiskeli ile nzito ya kubebea mizigo, na mbwa alikimbia pembeni mwa gurudumu la nyuma, karibu kabisa, bila kamba, bila kuitwa, kichwa juu. Njia yote toka kambini alikuja hivyo. Mzungu alikuwa amemweleza Baba kwamba hiyo ndiyo kazi ya ukoo wake: zamani, kwao, mbwa wa namna hii walikimbia kando ya magari yanayovutwa na farasi, na mpaka leo wakiona gurudumu linazunguka miguu inawawasha. Alikuwa mweupe, mrefu, mwembamba wa kiuno, na mwili mzima ulikuwa na madoa meusi ya mviringo, makubwa kama vifungo vya koti. Masikioni madoa yalikuwa yamebanana mpaka yakashikana. Hata ndani ya mdomo alikuwa nayo. Watu walitoka majumbani kutazama. Mmoja akasema ni chui aliyefuliwa kwa sabuni nyingi. Sisi tulimwita Kanga, kwa ajili ya yule ndege wa porini mwenye madoa.

Baba alikuja na masharti yake, aliyoyashika kichwani kama sala. Kanga anywe maji mengi, kila saa, maji safi. Asilale penye unyevu. Asuguliwe manyoya kila siku, maana yanadondoka mwaka mzima. Tena asipewe matumbo wala maini kamwe, kwa sababu ukoo wake una ugonjwa wa mkojo kugeuka vijiwe. Hilo la mwisho liliwashinda watu kabisa. Kwetu wawindaji wakipasua mnyama, matumbo ni haki ya mbwa, hata mtoto mdogo anajua. Sasa huyu anakatazwa matumbo, anapewa muhogo na samaki, na anatekewa maji kuliko mgeni? Mama alilalamika kwa sababu ya manyoya, yale mafupi meupe yanayochoma kama miiba midogo: yalikuwa kwenye mkeka, kwenye kitenge chake, hata kwenye bukari, ugali wetu. Kazi ya kumsugua ikawa yangu. Nilikuwa mdogo, nikaamini kwamba madoa yamebandikwa tu, na nikisugua kwa nguvu yatatoka na manyoya, tutabaki na mbwa mtupu. Basi nilikuwa nasugua sehemu nyeupe na kuzunguka kila doa polepole kwa ncha ya kidole.

Taabu ilikuwa moja: ukimwita, haji. Ukimwambia toka, hatoki. Baba anaita mpaka mishipa ya shingo inamsimama, Kanga ameangalia kwingine. Ndipo akaja Papa Mulonda.

Huyo Mulonda alikuwa jirani yetu, mwindaji mwenye mbwa wengi kuliko wote kijijini. Mbwa wake walikuwa wale wa kwetu, wadogo wekundu wasiobweka, wanaovalishwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue wako wapi kichakani. Mambo ya mbwa ilikuwa lazima yapite kwake. Alimzunguka Kanga kimya. Kisha akavua kengele shingoni mwa mbwa wake mmoja, akasimama nyuma ya Kanga, akaitikisa karibu na sikio la kuume, halafu la kushoto. Kanga alikuwa anakitazama kipepeo. Nilimwona Mulonda akitabasamu. Nilifurahi, maana nilidhani anapima kengele, kwamba anataka kutupa zawadi.

"Papa Feza," akamwambia Baba kwa sauti ya daktari, "mbwa hii haina mubaya. Iko ya wazungu tu. Haisikie Kiswahili. Muijaribu Kifaransa."

Tukamwamini. Kwa nini tusimwamini? Ndiye aliyejua mbwa. Baba alikuwa na maneno machache ya Kifaransa ya kambini, yote ya kupokelea amri, si ya kutolea. Kwa hiyo nilitumwa kwa mwalimu. Mimi, niliyekuwa nalia kila asubuhi nisiende shule, nilikwenda mbio, nikasimama mlangoni nikamwambia, "Mwalimu, nifundishe Kifaransa cha mbwa." Akacheka mpaka akakaa chini, lakini akanipa: *viens*, njoo, *assis*, kaa, *couche*, lala. Nilirudi nikiyarudia njiani nisiyamwage.

Sasa mfikirie nyumba yetu siku zile. Baba uani: "*Viens!*" Mama jikoni, ambaye hata kusalimia kwa Kifaransa hakujua: "*Viens*, weye mbwa, *viens*, utoke kwa unga wangu!" Mimi nikipayuka mpaka koo linakauka. Watu walikuja kukaa kwenye ua wetu kama wamekuja kwenye ngoma. Na Mulonda akiwa mbele, amekalia kigoda, anatusahihisha: "Hapana, Mama Feza, musemee puani! Wazungu banasemea puani!" Mama yangu, mtu mzima, akasemea puani. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mpaka sasa nikikumbuka mama akisemea puani mbele ya yule mtu, nafunga dirisha.

Ajabu ni kwamba mwalimu alipokuja mwenyewe, Kanga alimtii. Mwalimu alisema *assis* na Kanga akakaa. Nilipiga makofi nikasema mnaona, ni matamshi! Lakini mwalimu hakucheka. Alikuwa na mazoea ya darasani: akisema jambo hulionyesha kwa mkono, na akitaka watoto wamwangalie hupiga mguu chini. Akaagiza sufuria na mchi. Akasimama nyuma ya Kanga, akagonga sufuria mpaka kuku wakaruka ukuta. Kanga hakugeuka. Kisha akapiga mguu ardhini, kishindo kimoja. Kanga akageuka mara moja, mkia unapiga.

"Papa Feza," mwalimu akasema, "huyu mbwa hasikii. Si Kiswahili, si Kifaransa. Ni kiziwi. Nadhani alizaliwa hivyo."

Baba alivuka kwa Mulonda, nami nyuma yake. "Ndugu yangu, kumbe mbwa iko kiziwi. Weye hukujua?"

Mulonda alikuwa anasuka kamba. Hakuinua uso. "Nilijua siku ile ya kwanza."

"Na haukusema?"

"Nani aliniuliza? Mulikuwa munafurahi na Kifaransa yenu." Na akacheka tena, kicheko kidogo cha puani.

Hapo ndipo nilipomchukia. Si baadaye, hapo. Ya baadaye yaliongeza tu kuni.

Kwa Kanga mambo yalikuwa mazuri tangu siku ile. Nilijifunza kupiga mguu, akigeuka namwonyesha mkono: kiganja kifuani, njoo, kiganja chini, lala. Nilikuwa sijawahi kusikilizwa na mtu yeyote vile, halafu na kiziwi. Akapata mimba kwa dume tusiyemjua, akazaa nyuma ya ghala la mpunga, na tulipokwenda kutazama tulishangaa: watoto wote walikuwa weupe pe, weupe kama wali, hakuna doa hata la dawa. Mama akasema labda madoa yaliisha kwa mama. Mimi nilijua ni kosa langu la kusugua, nikanyamaza.

Jike la Mulonda nalo lilikuwa limezaa juma lile. Siku chache tu baadaye, kabla watoto wetu hawajafungua macho, mmoja hakuonekana, yule mnene aliyekuwa anasukuma wenzake. Kanga alinusa ua mzima, akanyoosha shingo, akaenda moja kwa moja kwa Mulonda. Nilimfuata mbio. Nilifika kwenye ua wa miti, nikaona kwa macho yangu: Kanga ameinama penye jike lile jekundu, anamlamba mtoto mweupe katikati ya wekundu, na Mulonda anatoka nyuma ya nyumba na mchi wa kutwangia. Nilipiga kelele. Ee mama, nilipiga kelele! Nilimwita jina lake, nikaita kwa Kiswahili, nikaita kwa Kifaransa, wakati nilijua vizuri hasikii. Nilipiga mguu, lakini nilikuwa mbali. Hakugeuka. Mulonda alimwona amempa mgongo, akajua kama nilivyojua mimi kwamba hasikii hatua zake, akachukua nafasi yake vizuri, akashusha mchi kiunoni.

Baba alimbeba mpaka nyumbani. Mama, yule wa kulalamikia manyoya, alimtandikia kitenge chake kizuri. Asubuhi yake Kanga alikufa, kichwa kwenye kikombe cha maji.

Baba alipeleka kesi kwa kapita, mkubwa wa kijiji. Watu walijaa. Mulonda akasema mbwa wetu alikuja kula watoto wa mbwa wake, naye alilinda mali yake. Na mtoto mweupe? Iko wake, baba yake iko dume nyeupe ya Lusangi. Akamgeukia Baba mbele ya wote. "Kanga yako ilikuwa na madoa?"

"Ndiyo."

"Mutoto huyu iko nayo?"

"Hata wale walio kwangu hawana."

"Basi hata wale si wa Kanga. Uliwaokota wapi, Papa Feza? Ama baba yao alisoma Kifaransa?"

Kicheko kile kilizima kesi. Kapita akasema hakuna alama, hakuna ushahidi, mtoto mdogo kama mimi hawezi kuapa. Baba alitoa kuku kwa kumsingizia mwenzake, na akatakiwa kumshika mkono na kusema, "Nilikosea." Alisema kwa sauti ndogo. Mulonda akaweka mkono sikioni: "Sisikie." Baba akarudia kwa nguvu. Nilikuwa nimesimama karibu na magoti ya mama, na nilisema moyoni: huyu mtu nitamlipa. Sikumwomba Mungu anisaidie. Nilimwarifu tu.

Watoto waliobaki tuliwalea kwa maziwa ya mbuzi, tukiyakamulia kitambaa wanyonye. Siku moja nilikuwa nawaosha kwenye beseni, na manyoya yalipolowa na kulala, nikaona chini yake, kwenye ngozi, vivuli vya buluu vya mviringo. Nilisugua, havikutoka. Manyoya yalipokauka vikapotea tena. Siku zilizofuata vikaanza kuchomoza vyenyewe, kimoja hapa kimoja pale, kama matone ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Kumbe hawa huzaliwa weupe, madoa yanakuja baadaye! Mzungu alisahau kumwambia Baba sharti hilo moja tu.

Nilimkimbilia Baba. Alitazama, akasema, "Uniache, Feza. Nimesema nilikosea mbele ya watu. Sirudi kule." Nikaelewa kwamba kazi ni yangu.

Kila siku nilipita kwenye ua wa Mulonda na kuchungulia. Niliona masikio ya yule mtoto yanaanza kuwa na vumbi jeusi. Kesho yake nilikuta hana kitu. Mweupe, mweupe kupita kiasi, mweupe wa ukuta. Na harufu ikanifika: pemba mbichi. Mulonda alikuwa na beseni la pemba nyuma ya nyumba, na nyumba yake ilikuwa haijapakwa tangu zamani. Nilicheka peke yangu mpaka nikaziba mdomo. Ningeweza kupiga kelele siku ile ile, watu wakaja. Lakini wangekuja wachache, na Baba alichekwa na kijiji kizima. Nilitaka kijiji kizima.

Kwetu, kabla ya kuchoma majani na kuanza uwindaji wa kiangazi, kuna siku ya kuosha mbwa. Wawindaji wote huleta mbwa wao uwanjani, na mzee wao anawaosha pua kwa maji ya majani machungu ili zishike harufu. Wasichana ndio wanaoteka maji mtoni. Mimi nilikuwa wa kwanza kujitolea, mpaka mama akanishangaa. Mulonda alikuja na wekundu wake, na mikononi amempakata yule mtoto, sasa amekua, na kengele mpya ya mti shingoni. Hakutaka aoshwe. "Huyu bado mudogo," alikuwa anawaambia watu. "Nimeileta tu muione. Nyeupe kabisa! Porini nitaiona toka mbali."

Nilipita na beseni kichwani. Baadaye wakubwa walisema nilijikwaa, wakitaka kunisitiri nisionekane nimemvunjia Mulonda heshima. Sikujikwaa. Nilisimama mbele yake, nikalishusha beseni, nikamwangalia machoni, nikammwagia mbwa maji yote.

Uji mweupe ulishuka kwenye mikono ya Mulonda, kwenye shati lake, kwenye suruali mpaka vidole vya miguu. Na katikati ya uji ule yakatoka madoa ya Kanga, meusi, ya mviringo, yamebanana masikioni. Mtoto wa mbwa akajikung'uta akampaka hata uso. Kisha kapita, taratibu kabisa, akauliza, "Papa Mulonda, nguo ikichuja tunaelewa. Mbwa nayo inachuja?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na nimeishi. Mama yangu alicheka amekaa chini, miguu imenyooka. Akapaaza sauti, puani kabisa: "*Viens*, Mulonda, *viens!*" Baba hakucheka. Alikwenda akamchukua mtoto wa mbwa mikononi mwa yule mtu, akamfungua kengele, akamrudishia kengele yake. Wawindaji wakavua kengele za mbwa wote wa Mulonda, na kwetu mbwa aliyevuliwa kengele haendi porini na wenzake. Kiangazi kile alikula mboga za majani. Kabla ya mvua alifunga mizigo akahama.

Kuku alirudi, mbwa alirudi, naye alisikia vizuri na alikimbia pembeni mwa kinga ya Baba miaka mingi. Lakini mchi ule? Kuhusu ule mchi hakuna aliyesema neno. Kanga hakuna aliyemlipa, na hilo lilibaki kwangu.

Jana, wakati mtaa wote unanuka pemba, jirani mpya, Mama Riziki, aliniita. Anaishi na baba mkwe, mzee aliyeletwa toka Nyangwe baada ya mkewe kufa. "Mama, uniingilie kidogo. Mzee huyu ananiua kwa jeuri. Unamuita kula, hajibu. Unamuuliza, anatazama pembeni. Watoto wanamucheka, wanasema babu amekasirika. Weye unajua kusema na wazee."

Nikaingia. Alikuwa amekalia kigoda, ametupa mgongo, anauangalia ukuta unaokauka. Amekonda, lakini mabega yale nayajua. Mama Riziki akapiga kelele nyuma ya sikio lake: "Papa Mulonda! Mugeni!" Hakuna kitu. "Umeona? Jeuri!"

Nilimwangalia shingo yake nyembamba muda mrefu. Kisha nikapiga mguu chini, kishindo kimoja.

Akageuka mara moja. Macho yake yalipanda usoni mwangu, yakatafuta, yakapata. Mdomo ukafunguka. Nilijua amejua. Na yeye alijua kwamba najua ana nini, na kwamba katika nyumba ile ni mimi peke yangu ninayejua. Akainua mkono, akagusa sikio lake, akaniangalia kama anayeomba.

"Ameshituka!" Mama Riziki akasema. "Umemufanya nini? Kwa nini kwangu hasikie?"

Nikajifunga kitenge vizuri.

"Mzee huyu hana mubaya, mama," nikamwambia. "Haisikie Kiswahili tu. Mumujaribu Kifaransa."

Nikatoka zangu. Nilikuwa sijafika mlangoni kwangu nikamsikia Mama Riziki nyuma ya ukuta ule mweupe akimwita mzee kula, maskini, amesoma huyu, Kifaransa chake ni kizuri kuliko chetu cha siku zile: "Papa! *Viens!* Papa, *viens manger!*" Leo asubuhi bado anaita, na watoto wa mtaa wameanza kukusanyika.